Kura Isiyokuwa na Tarehe

Mimi ndiye niliyeshika ratiba ya likizo katika kampuni yetu pale Silicon Oasis, huko Uarabuni, na sikuwa mtu wa kuchezewa. Karatasi moja kubwa ukutani, na kanuni moja: ukitaka kwenda kwenu, lete tarehe miezi miwili kabla. Wenzangu waliniita Serikali nikiwapa mgongo. Nilisikia, na kusema kweli nilipendezwa.

Mwaka 2011, joto lilipoanza kupungua, alikuja mezani kwangu madam mmoja, mhandisi wetu Mmarekani, akaomba wiki yake ya mwisho ya likizo.

"Kuanzia lini, madam?"

"Bado sijui. Huenda Desemba, huenda Januari. Nataka kumpeleka baba yangu akapige kura."

"Na kura yenyewe ni lini?"

"Ndiyo hiyo. Bado wanagombana."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilimcheka usoni. Mimi ni wa Mombasa, na tangu utotoni nimeambiwa uchaguzi tujifunze kwa Wamarekani. Leo Mmarekani ananiambia hawajui watapiga kura lini!

Hakukasirika. Aligeuza fomu yangu, akachora nchi yao nyuma yake. Kabla ya uchaguzi mkubwa, alisema, kila chama huchagua mgombea wake kwa kura za mchujo, jimbo baada ya jimbo, si siku moja. Jimbo la kwao ni dogo, liko kaskazini kwenye theluji, na lina sheria yake kwamba mchujo wake lazima utangulie wa majimbo mengine kwa siku saba au zaidi. Chama kilikuwa kimepanga watangulie mwezi wa Februari. Lakini jimbo moja kubwa la kusini likajisogeza mbele bila ruhusa, na la kwao nalo likataka kusogea. Jimbo jingine, la jangwani, likakaa katikati ya njia na tarehe yake ya Januari, likawabana watu wa kwao wasipate siku saba zao. Sasa mzee anayesimamia kura za kwao alikuwa ametangaza kwamba jangwa lisipopisha, watu wake watapiga kura Desemba.

"Desemba ya mwaka huu? Uchaguzi si mwakani?"

"Ya mwaka huu."

Nikauliza kwa nini baba yake asitume kura kwa posta. Hapo sauti yake ilibadilika. Baba yake alikuwa mgonjwa wa mapafu, hatoki bila mtungi wa oksijeni. Tangu ujana hakuwahi kukosa mchujo hata mmoja, na siku zote alikwenda na mkewe. Mke alikuwa amefariki. Kura ya bahasha ni ya wasafiri, alimwambia binti yake, nami sijasafiri. Nitakwenda na wewe au siendi. Na daktari alishamwambia madam pembeni kwamba mzee asipangiwe mambo ya mbali.

Nilipeleka ombi kwa arbab, mwenye kampuni. Alilitazama mara moja. "Hakuna tarehe, hakuna likizo. Khalas."

Ningeweza kuliacha hapo. Kanuni ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeitetea mbele ya watu waliolia. Lakini niliporudi mezani, ratiba ya mwakani ilikuwa mbele yangu, na Idd zote mbili nilikuwa nimeziandika kwa penseli, na pembeni yake inshallah. Nikakaa nikaitazama. Kwetu pwani mwezi huwagawa watu kila mwaka: huyu anafuata mwezi ulioonekana popote duniani, yule hafungui mpaka uonekane kwetu. Mwaka mmoja baba yangu alikula pilau Jumanne huku mjomba wangu, nyumba ya pili, amefunga na amenuna. Kesho yake mjomba akala yake. Na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Idd si sikukuu ya kweli kwa sababu haina tarehe.

Nikarudi kwa arbab. "Arbab, Idd ya mwakani ni lini?"

"Mwezi ukionekana."

"Na likizo za Idd nimeziandika."

Alinitazama, akaangalia fomu, akaangalia tena mchoro wa nyuma. "Wallahi, hawa Waamerika nao wanangoja mwezi?" Akacheka mpaka akavua miwani. "Yalla, mwandikie kwa penseli."

Basi nikaanza kuufuata ule ugomvi kuliko hata madam. Asubuhi nilifungua habari kabla ya kuwasha birika. Baadhi ya wagombea walitishia kususia kura za jangwani. Chama kilikuwa na adhabu: jimbo linalovunja ratiba linakatwa nusu ya wajumbe wake kwenye mkutano mkuu. Nilidhani hapo lile jimbo dogo litanywea. Halikunywea. Lilikuwa tayari kubaki na nusu, mradi litangulie. Mimi niliyezoea watu wabembeleze kanuni zangu, niliduwaa. Nchi kubwa namna ile ilisimama ikimngoja mzee mmoja wa jimbo dogo aseme siku, na kila nilipolifikiria nilisisimka mwili.

Jangwa likapisha, likajirudisha nyuma hadi Februari. Mzee wa kaskazini akatangaza: Januari, Jumanne ya pili. Nilikimbia ghorofa mbili kumwambia madam, naye alikuwa ameshajua, analia mbele ya kompyuta yake. Nikaiandika kwa wino.

Alikwenda, akarudi. Alinihadithia walivyokisukuma kiti cha magurudumu cha baba yake kwenye barafu, mtungi mapajani, na foleni nzima ikampisha, naye akakataa kupishwa. Alingoja zamu yake. Hakumwambia binti yake alimchagua nani, hata njiani kurudi, hata alipobembelezwa.

Kabla Januari haijaisha madam alisimama tena mbele ya meza yangu. Sikuhitaji kuuliza. Nilitoka nyuma ya meza nikamkumbatia, nikampa pole, nikamwandikia ruhusa ya msiba. Yeye alikuwa akitazama ukutani, kwenye ratiba, safu ya Februari ambayo bado ilikuwa tupu.

"Wangefuata kanuni ya chama," alisema, "baba asingeipiga kura yake."