Binti wa Kwenye Picha

Juzi kwa fundi simu pale Bomani, mama aliyekaa karibu yangu alikuwa anabishana kwenye kundi moja la mtandaoni. Alikuwa ameandika kwamba ukeketaji ukome. Akaunti yenye picha ya binti mrembo ikawa inamporomoshea matusi: "Sisi wasichana wenyewe tunautaka. Wewe nani kakutuma?"

Mama hakurudisha tusi. Alijifuta kidole kwenye kanga, akaandika neno moja: "Shikamoo."

Jibu likaja hapohapo: "Marahaba."

Akanigeuzia simu nione. "Binti gani huyo anaitikia mtu wa umri wangu? Huyu ni mzee kabisa!" Akaandika hivyohivyo kwenye kundi. Watu wakacheka, na binti akatoweka na picha yake.

Wivu ukanikaba. Mimi ninaye wa kwangu, anayeitukana safu hii kila wiki, na namjibu aya tatu tatu bila mafanikio. Nikamwandikia palepale: "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu. "Safu yako bado mbovu."

Namwonea wivu yule mama hadi leo. Yeye alikuwa na mtukanaji. Mimi, kumbe, nina msomaji.