Kioo cha Ukungu kati ya Samaki

Umeniuliza namna ya kufuga samaki, mwanangu, nami nakumbuka asubuhi moja ya mvua, nimepiga magoti mbele ya tangi la kioo katika chumba chetu cha mtaa wa Gitega, Kigali, nambembeleza samaki ale. Samaki mwenyewe alikuwa mdogo kuliko kidole changu cha kati, mwekundu, mapezi yake marefu yamening'inia kama pindo la kanga iliyolowa. Chakula kilielea juu ya kichwa chake, wala hakukitazama. Alikuwa ameelekeza uso kwenye kioo, amevimbisha mashavu, anamtisha jirani yake wa buluu, naye wa buluu amevimba vivyo hivyo upande wa pili. Nyuma yangu, kitandani, dada yangu Solange alikuwa anakunja nguo zake na kuzitia kwenye begi.

Nilikuwa bado kijana, lakini majirani walishaanza kuniita Baba Solange kwa utani. Baba yetu alitutoka nikiwa shule ya msingi. Mama, aliyekulia Tanzania na akatulea kwa Kiswahili hapa hapa Kigali, alimfuata nilipokuwa sekondari. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Wasitawanyike. Uwaweke pamoja." Hakusema zaidi ya hapo. Nikaacha shule, nikayashika maneno yale kama mtu anavyoshika nguzo ya nyumba upepo ukivuma. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mimi sikuzaa, ila kazi yenyewe naijua.

Nilipata kibarua kwa fundi wa vioo, mtaa wa Kimironko. Nilikata vioo vya madirisha, vya makabati, na mara moja moja tangi la samaki kwa mtu mwenye nafasi. Mama mmoja wa ofisini alitaka tangi, kisha akahamishiwa nchi nyingine kabla hatujamaliza kuliunganisha. Akaja karakana na samaki wake watatu wa beta, kila mmoja ndani ya chupa ya kahawa, na vipande vya karatasi ngumu katikati ya chupa wasionane. "Wewe unajua vioo," akaniambia, "utajua na hawa. Usiwachanganye tu, madume haya yatauana." Nikapanda moto, bodaboda zetu za Kigali, na samaki mapajani, dereva ananiambia nisimwage bahari yangu kwenye pikipiki yake.

Nyumbani ilikuwa sikukuu. Solange alichagua mwekundu. Mdogo wetu Erike akachukua wa buluu. Mweupe, aliyebaki, akawa wangu.

Lakini chupa ni nyumba ndogo, mwanangu, na nyumba ndogo hupoa upesi. Beta ni samaki wa nchi za joto, na Kigali ni mji wa vilima. Mvua ikinyesha, baridi inaingia hata chini ya blanketi. Mweupe wangu akalala chini ya chupa, akawa anapanda juu kwa shida kuvuta hewa, maana beta huja juu kuvuta hewa kama sisi. Solange akaifunga chupa kwa sweta la mama. "Kaka," akasema, "kila mmoja peke yake watakufa kwa baridi."

Nikaona anasema kweli. Nikakusanya mabaki ya vioo karakana, nikaunganisha tangi moja refu, na ndani yake nikasimamisha vioo viwili vya kuligawa sehemu tatu. Chini ya kila kioo niliacha upenyo, maji yapite, samaki asipite. Maji mengi hayapoi haraka, na chupa moja ya maji ya moto ikielea upande mmoja inawafaa wote. Nilijisifu sana. Nilitumia kioo safi kabisa, kile ambacho fundi wangu alikiita kioo cha duka la dhahabu. Nilitaka nikirudi kazini niwaone wote watatu kwa jicho moja, bila kugeuza shingo.

Ndivyo nilivyowaweka hata wadogo zangu. Chumba kimoja, vitanda viwili, mlango wazi mchana kutwa. Simu ya Solange nilikuwa naishika mimi. Akitoka kuteka maji nilijua anarudi saa ngapi. Akinyamaza nilimuuliza kwa nini amenyamaza. Nilidhani huko ndiko kuwaweka pamoja. Na kila siku yeye na Erike waligombania taa, kigoda, hata upande wa kioo cha kuchania nywele. Wanyarwanda husema wanaogawana pasipo na kitu huitana walafi. Sisi tuligawana hata pumzi.

Ndipo shangazi yetu wa Kampala akatuma ujumbe kwamba yuko tayari kumchukua Solange. Nikakataa. Solange akakubali. Asubuhi ile ya mvua ndiyo alikuwa anafunga begi, na mimi, mtu mzima mwenye wosia wa mama kifuani, nilikuwa nabembeleza samaki kwa sababu sikujua namna ya kumbembeleza dada yangu.

"Hodi, wenye maji!" sauti ikaita mlangoni.

Alikuwa Bibi Mwajuma, mwenye nyumba wetu, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alifika Kigali na biashara ya nguo kutoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kama nguo iliyopigwa pasi. Alishika mwavuli na sufuria.

"Nimekuja kuona paa linavujia wapi," akasema, "kumbe ninyi mmeshahamia ziwani."

"Karibu kwenye televisheni yetu, Bibi," Erike akamjibu. "Iko mechi."

"Nani anashinda?"

"Hakuna. Tangu Jumapili iko sare."

Bibi akacheka, akaketi kwenye kigoda, akaweka sufuria chini ya tone. Akawatazama samaki kwa muda mrefu. Mwekundu alikuwa anajigonga kiooni. Wa buluu mapezi yake yalikuwa yamechanika ncha, na hakuna aliyemgusa.

"Huyu anagombana na nani?" akaniuliza.

"Na mwenzake, Bibi. Lakini hawawezi kugusana. Nimewajengea ukuta."

"Ukuta uko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hiki? Hiki nakiona mimi kwa sababu umenionyesha. Yeye anachokiona ni adui amesimama chumbani mwake, asubuhi na jioni, haondoki. Wewe ungekula?"

Akageuka.

"Na wewe binti, begi la wapi?"

"Kampala, Bibi. Kwa shangazi."

"Unakwenda kusoma?"

"Nakwenda kupumua," Solange akasema, na hakuinua uso.

Bibi Mwajuma akanitazama mimi, si yeye. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Huyu binti hapa ndani anabadilishia nguo wapi?"

Nikasema huwa tunatoka nje, mimi na Erike.

"Na mvua ikinyesha kama leo?"

Nikasema huwa tunageukia ukuta.

"Na akitaka kulia? Analilia wapi?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi maishani. Polisi wa barabarani wameniuliza, mapadri wameniuliza, mkwe wangu aliniuliza siku ya kupeleka posa. Hakuna swali lililowahi kunichoma kama lile. Tangu tumzike mama sikuwa nimemwona Solange akilia. Nilidhani ana moyo mgumu, nikamsifu kwa watu. Kumbe hakuwa na mahali.

"Mama yako alikuambia uwaweke pamoja," Bibi akasema akiinuka. "Hakukuambia uwaweke machoni. Hayo ni mambo mawili, mjukuu wangu." Akafungua mwavuli. Mlangoni akageuka. "Na lile paa nitaleta fundi. Usipande mwenyewe, utanivunjia na mabati yaliyosalia."

Nikavaa koti, nikaenda karakana chini ya mvua ile ile. Kulikuwa na kioo cha ukungu kilichotolewa kwenye dirisha la bafu, kile kinachopitisha mwanga lakini hakionyeshi mtu, kimepasuka pembe. Fundi wangu akaniambia nikichukue pamoja na vipande vingine vya aina hiyo, vinamjazia nafasi tu. Nikakata viwili vya tangi kwanza, kwa sababu mikono yangu ilijua pa kuanzia. Nikaving'oa vioo safi, nikasimamisha vile vya ukungu, na upenyo wa maji nikauacha pale pale chini. Mwekundu akazunguka akimtafuta adui yake. Hakumwona. Mashavu yakanywea. Akapanda juu, akavuta hewa, akala.

Solange alikuwa ameketi kitandani na begi miguuni, anatazama.

Kisha nikachukua mbao, nikatengeneza fremu kutoka ukutani hadi karibu na mlango, nikaijaza vile vipande vya ukungu vilivyobaki, vikubwa kwa vidogo, kama nguo ya viraka. Erike alinishikia. Pale pa kuingilia nikatundika kitenge cha mama. Kazi haikuwa nzuri. Fundi wangu angeiona angenifukuza. Ilipokwisha nikamwambia Solange, "Hapo ni pako. Ukienda Kampala, nenda, sitakuzuia tena. Patabaki pako."

Nikamrudishia na simu yake.

Akaingia nyuma ya kitenge. Nikaona kivuli chake kikikaa, kimejikunja, kidogo. Halafu nikasikia. Alilia kilio cha mazishi, kile kilichokuwa kimengoja. Mguu wangu uliinuka wenyewe kwenda kwake. Erike akanishika shati, akatikisa kichwa. Nikabaki nimesimama na gundi ya vioo inanikaukia mikononi. Nimebeba vioo vizito, mwanangu, nimevipandisha ghorofani kwa ngazi, lakini kusimama pale bila kuingia kulikuwa kuzito zaidi. Hata hivyo kivuli nilikiona. Nilijua yupo. Yeye naye, nadhani, aliona changu.

Hakwenda Kampala mwaka ule. Alimaliza shule akiishi nyuma ya kioo kile, na ugomvi wake na Erike ukapungua ukawa utani, maana watu wakiwa na pa kujitenga hupata hamu ya kukutana. Jioni alikuwa anatoka mwenyewe, anakuja kukaa nasi mbele ya tangi, anatueleza habari ambazo zamani nilikuwa nazitafuta kwenye simu yake na sizipati. Alipoondoka baadaye kwenda Kampala, aliondoka kwa mlango, na mimi nilimbebea begi hadi stendi.

Sasa amezaa huko huko. Erike anafanya kazi ghalani Masoro, amehamia karibu na kazi yake na mkewe, na Jumapili nyingi anachoka. Simlaumu. Bibi Mwajuma tulimzika. Mimi bado nakaa Gitega, chumba kile kile, ambacho sasa ni sebule yetu, pamoja na kingine cha pembeni. Mke wangu huniuliza kwa nini sikibomoi kile kioo cha viraka, sebule ipate nafasi. Namwambia nitakibomoa. Saa za alasiri jua huingia kwa dirisha la nyuma, kitenge kikipepea kivuli hupita kwenye ukungu, na mimi hugeuza kichwa. Kila mara, mwanangu. Najua ni kitenge, na bado nageuka.

Tangi lipo. Siku hizi nina hita, moja tu, inapasha joto vyumba vyote vitatu kwa sababu maji ni yale yale.

Solange hupiga simu kila wiki. Kabla ya salamu kwisha huuliza, "Mwekundu wangu yupo?" Nami humjibu, "Yupo, amekula." Beta akitunzwa vizuri sana huishi kama miaka mitatu. Hesabu nyingine sikufanyii. Kila mwekundu akifa mimi hushuka mjini kutafuta mwekundu mwingine, na sijawahi kumwambia. Mwezi uliopita binti yake alichukua simu, akaniambia naye amepata beta wawili na anataka kuwatia kwenye beseni moja wazoeane. Nikamkataza. Kisha akaniuliza, "Lakini mjomba, beta huishi miaka mingapi?" Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti ya Solange nyuma yake, chini chini, "Mwache mjomba wako." Halafu akaichukua simu, akaniuliza kama kawaida, "Mwekundu wangu yupo?"

"Yupo," nikasema. Na sote wawili tukabaki na simu sikioni, kila mmoja upande wake.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, kwako wewe uliyeulizia samaki, na kwa yeyote aliyeachiwa wadogo akiwa mdogo. Ukifuga beta wengi, usiwachanganye madume, na usiwatawanye kwenye vichupa vya baridi. Wape maji mamoja na kuta zisizoonyesha. Maji ya bomba yalaze kwanza kwenye jerikani wazi, na tangi ulifunike kwa wavu, maana beta huruka, lakini juu ya maji uache nafasi ya hewa. Na ukilea watu, fanya vivyo hivyo. Joto liwe moja. Kila mtu awe na pa kulilia. Usitake kuona kila kitu cha unayempenda. Kivuli chake kinatosha kukuambia yupo. Siku ya kuondoka ikifika, mbebee begi, na mahali pake upasafishe kama vile anarudi kesho. Utamkumbuka mpaka kifua kikuume. Kumbuka tu, usimwite arudi kwa ajili ya kifua chako.

Mungu akupe nyumba yenye joto, mwanangu, na kuta zinazopitisha mwanga. Akupe wa kukuulizia kila wiki, na akujalie kila ukiulizwa uweze kujibu kwamba yupo.