Shimo Lililotoa Maji

Kazi yangu ni miamba yenye chuma. Nimezaliwa Garissa, nimesoma mpaka nikaitwa mtaalamu, na bado nikifika kambi mpya wanadhani mimi ndiye mpishi. Hayo nimeyazoea. La Tarbaj sijalizoea na sitaki kulizoea.

Tulipeleka kijijini huko mtambo wa kuchoronga ili tutoe sampuli za miamba. Wafugaji walipouona hawakuuliza kitu. Huku kwetu mtambo kama ule huletwa kwa sababu moja tu, maji, na kabla hatujafunga hata bomba la kwanza walikuwa wameshaanza kujenga hori la kunyweshea ngamia. Niliwaeleza kwa Kisomali kwamba tunatafuta chuma. Mama mmoja mwenye ngamia alinicheka.

"Hooyo," akaniambia, kama mama zetu wanavyomwita mtoto, "ngamia watakunywa chuma?"

Chuma kilikuwepo, kidogo, cha kutia aibu. Lakini shimo la tatu lilitoa maji. Tuliyavuta kwa pampu, nikayaonja: matamu, hayana ile chumvi ya visima vya huko. Yule mama alikinga kiganja, akanywa, akasema alhamdulillahi, akalia. Walikuwa wakifuata maji mwendo wa siku nzima, na ndama walikuwa wanakufa. Nami nikalia mbele ya wafanyakazi, wala sikujali.

Nilimpigia simu meneja, Nairobi, nikamwomba tuwaachie wenyeji lile shimo.

"Zibeni," akasema.

"Kwa nini?"

"Wakipata maji watahamia hapo. Siku tukirudi kuchimba, nani atawaondoa?"

Kurudi kuchimba nini, na chuma chenyewe hakuna? Nilimuuliza hivyo kwa sauti iliyosikika kambi nzima, nikakataa katakata kusimamia kazi ile. Basi akampa amri fundi wa mtambo, na mimi nikaambiwa nifunge virago.

Nilikuwa bado nasubiri gari fundi na wenzake walipoanza kazi ile. Habari ya maji ilikuwa imeshaenea, na ngamia walikuwa wanazidi kufika. Hakuna aliyethubutu kuwaeleza wafugaji kinachoendelea, ikabidi niwaeleze mimi. Mifuko ya saruji ilikuwa tayari, mchanga upo, ila maji ya kambi yalikuwa yamekwisha.

Wakawasha pampu, wakavuta maji ya shimo lile lile, wakakorogea saruji ya kuliziba.