Ugali wa Kuketi

Mimi sikulea mjinga. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanionea huruma akidhani binti yangu alifanya alichofanya kwa kutojua. Alijua vizuri sana. Kila Jumanne alikuwa hapo kwenye kochi langu, hapa mtaani Mbotela, Nairobi, kalamu mkononi, anasikiliza kila neno.

Nilipotoka hospitalini mwaka jana niliambiwa moyo wangu umepanuka na mapafu yameharibiwa na moshi. Moshi gani, na mimi sijawahi kuvuta hata sigara moja? Ni jiko la makaa na stovu ya mafuta taa, miaka yote niliyopikia watu saba ndani ya vyumba viwili, dirisha limefungwa ili wezi wasiingize mkono. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli na akitoka kazini alitaka akute ugali mezani. Akaukuta. Leo nikiinama kufunga viatu, kizunguzungu kinanishika.

Hospitali wakanitumia msichana mmoja wa tiba, awe anakuja kila Jumanne. Si wa dawa wala sindano. Kazi yake ni kumfundisha mgonjwa kuoga, kuvaa, kupika na kufagia upya, kwa namna ambayo pumzi haitamwishia. Nilipoelezwa hivyo nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi niliyefagia ofisi za kaunsili ya jiji mpaka nikastaafu, nifundishwe kushika ufagio na mtoto wa juzi!

"Shosh, usinicheke," akasema, akiniita nyanya kwa lugha yao ya vijana. "Nionyeshe tu vile unapika."

Nikamwonyesha. Meko yangu, ule mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, iko sakafuni, kwa hiyo niliinama nikasonga ugali kama mama yangu alivyonifundisha kule kwetu magharibi: miguu imepanuliwa, mgongo umekunjwa, mwiko unazungushwa kwa nguvu zote. Kabla unga haujashikana vizuri, mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Msichana akazima gesi. Hakunipa pole hata moja. Alikwenda akachukua stuli ya plastiki ambayo mimi huwekea ndoo ya maji, akaipangusa, akaiweka mbele ya meko.

"Keti."

Ebo! Kwetu mwanamke hasongi ugali ameketi. Anayeketi ni mvivu, au ana mimba iliyofika siku zake, au ndio mambo yake yamekwisha kabisa. Nikamwambia hivyo bila kuficha. Akasema amesikia, lakini moyo wangu hauna kabila. Jamani, nilimpenda hapo hapo.

Basi nikaketi. Alinifundisha kutia unga mara mbili badala ya mara moja, kutoa pumzi kwa mdomo polepole kama mtu anayepoza uji kila mwiko unapozunguka, na kupumzika kabla sijachoka, si baada ya kuchoka. Kufagia, chumba kimoja asubuhi na kingine mchana. Kuoga, nikiwa nimekaa, maji yako karibu, taulo kubwa begani badala ya kujikausha kwa kuinama. Wiki za kwanza nilijiona mzigo. Halafu nikaona kwamba ikifika jioni bado nina nguvu ya kutoka mlangoni nikasalimiana na majirani.

Alinipa pia daftari. Kila kazi niliyofanya iandikwe, na mbele yake namba ya pumzi. Sifuri ni pumzi ya mtu aliyekaa anasikiliza redio. Kumi ni ile ambayo ukiifikia huwezi hata kuita jirani. Nikifika sita, niache kila kitu.

"Lakini usinidanganye, shosh," alisema. "Ukinidanganya namba, nitakupa kazi inayokuzidi, na utaanguka ukiwa peke yako."

Macho yangu hayaoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo binti yangu akajitolea kuandika. Alikuwa anatoka kwake Kayole, anapita kwangu karibu kila siku, ananiuliza, "Mama, leo ngapi?" Nami nilimwambia ukweli wote. Nilimwambia hata siku ile nilipojaribu kufua shuka, nikafika nane na kulia juu ya karai kama mtoto. Akaandika. Akanipangusa machozi kwa leso yake mwenyewe. Usiku ule nilimwombea kwa jina, kabla ya ndugu zake wote.

Kufikia wiki ya sita, ugali ulikuwa tatu. Tatu! Kuoga nne.

Wakati huo ndipo kijana wangu wa kwanza, ambaye ndiye anayesikilizwa tangu baba yao afariki, alipokuja na maneno yake. Alisema hawalali wakifikiri mimi niko peke yangu. Alisema Jumapili ya mwisho wa mwezi watakuja wote kula. Nikipika chakula mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, wao wakiona, basi nikae kwangu nilivyo na hakuna atakayenisumbua tena. Nikishindwa, mmoja wao ahamie hapa ashike nyumba.

Mtu anaweza kuniuliza, ubaya uko wapi mtoto wako akihamia kwako? Sikatai watoto wangu. Lakini nilikwisha kuwaona wanawake wa rika langu walioshikiwa nyumba. Wanakaa kwenye kiti kimoja karibu na televisheni, wanaomba chumvi jikoni kwao kama wageni. Mimi nilitaka mwiko wangu ubaki mkononi mwangu. Hilo tu.

Jumapili hiyo nilijipanga kama jeshi. Mboga ya sukuma nilikuwa nimeikata Jumamosi, nimekaa. Nyama niliichemsha mapema, nikapumzika, ndipo nikaenda kanisani. Walipofika nilikuwa nimebakiza ugali peke yake, kwa sababu ugali huliwa moto. Nikavuta stuli, nikaketi, maji yakachemka, nikatia unga wa kwanza. Pumzi ilikuwa imetulia.

Kijana wangu akaja kusimama mlangoni mwa jikoni. "Mama," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyenikuta nimelala chini. "Umeketi? Unasonga ugali ukiwa umeketi?"

Sikushtuka. Angejuaje yeye? Nikamgeukia binti yangu aliyekuwa nyuma yake, nikatabasamu, nikamwambia, "Hebu mweleze ndugu yako."

Binti yangu aliangalia sakafu. "Siku hizi ndivyo anavyopika," akasema. "Kusimama hawezi."

Nilidhani anaanza tu. Nilingoja aseme juu ya msichana wa tiba, na pumzi, na unga wa mara mbili. Badala yake alitoa daftari langu mkobani na kuanza kusoma kwa sauti ya upole sana, sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Kufua, nane. Kuoga, nane. Kutoka sokoni, tisa. Zote zilikuwa za wiki mbili za kwanza. Kisha akalifunga.

"Endelea!" nikamwambia. "Soma ugali. Soma tatu!"

"Mama, tafadhali, presha itapanda."

Hasira ilinipanda, si presha. Nilisimama, nikaipiga ile stuli teke ikagonga mlango, nikainama juu ya meko na kumimina unga wote uliobaki. Nilijua kabisa ninafanya makosa. Msichana alikuwa amenionya, na mimi mwenyewe nilikuwa nimezoea kusikia mwili wangu unasemaje. Lakini kijana wangu alikuwa ananitazama kwa huruma, na haki ya Mungu, huruma ile sikuweza kuivumilia. Nikasonga. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne sikuuona. Nilipopata fahamu nilikuwa kitandani, miguu imeinuliwa juu ya mto, na nyumba nzima inanuka ugali ulioungua. Hapakuwa na la kubishania tena.

Jumamosi iliyofuata binti yangu alihamia na watoto wake, magodoro, na gesi yake kubwa ya kupikia mtu akiwa amesimama. Stuli ilirudishwa kazi yake ya kubeba ndoo. Jumatatu asubuhi mjukuu wangu wa kike akaja kuniaga akiwa na sare ya shule iliyo hapa karibu, imemkaa sawasawa. Nikamwambia amependeza, mama yake ameipata haraka.

"Si haraka, Kukhu," akasema. "Tulishonewa likizo ile ulipotoka hospitali. Mama alikuwa amezificha juu ya kabati."

Likizo. Kabla ya ile Jumapili. Kabla hata kijana wangu hajaja na jaribio lake. Kumbe nilipokuwa nalia juu ya karai na yeye ananipangusa machozi, sare zilikuwa zimekwisha kushonwa. Kila namba niliyompa alikuwa anaiweka akiba. Angeniambia tu, "Mama, Kayole imenishinda, nipe chumba kimoja," ningempa hicho cha kulala nami nikalala sebuleni. Angeomba! Mimi ni mama yake. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, si nyumba.

Majirani wanamsifu. Wananiambia nimebarikiwa, kwamba mabinti wa siku hizi hawarudi kutunza wazazi. Naitikia ndiyo. Naletewa chai, naletewa maji ya kunawa, naletewa viatu. Nikinyanyuka, naambiwa kaa, Mama, umefanya kazi ya kutosha. Msichana wa tiba alikuja, akafungua daftari akakuta sifuri kurasa nzima, akaniuliza ninafanya nini siku nzima. Nikamwambia nimeketi. Alimwomba binti yangu aniachie japo ugali mmoja kwa wiki. Binti yangu alicheka vizuri, akamwekea chai.

Alhamisi iliyopita binti yangu alikwenda soko la Muthurwa kununua nguo za mtumba, watoto wakiwa shuleni. Nilishusha ndoo kutoka juu ya stuli, nikaiburuta stuli hadi kwenye meko yangu ya zamani, nikapika ugali mdogo wa mtu mmoja. Niliketi. Nilitia unga mara mbili, nikapoza uji usiokuwepo. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa, na ugali uleule uliokuwa tatu ulinifikisha saba. Nilikaa pale muda mrefu nikiwa nimeshika magoti. Kisha nikala, nikaosha sufuria, nikarudisha ndoo mahali pake.

Jioni binti yangu alikaa kando yangu, akafungua daftari, akabofya kalamu.

"Mama, leo ngapi?"

Nilimtazama usoni. Ni sura yangu ile, hata kidevu.

"Sifuri," nikamwambia.

Akaandika.