Seji ya Bi Winifred

Bi Winifred Thibault hanunui dukani viungo vya kukolezea nyama ya bata mzinga. Majani ya seji, kiungo chenye harufu kali, huyapanda mwenyewe nyuma ya nyumba, huyatundika jikoni hadi yakauke, kisha huyatwanga kwenye kinu cha zamani pamoja na thaimu, tangawizi kidogo na pilipili manga. Mchanganyiko huo na kinu alivirithi kwa mama mkwe wake. Kwao, anayeshika kile kinu ndiye anayemchoma bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, na ndiye mwenye nyumba hasa. Bintiye Corinne anakimezea mate tangu aolewe, na mji mzima unajua.

Mimi ni jirani yao. Kila mwaka nilikuwa nakwenda kula pai ya Corinne tu, nyama ikishaondolewa mezani, nikidhani nimekuta watu walioshiba. Mwaka huu oveni yangu iliharibika asubuhi ya sikukuu, nikaalikwa mapema.

Tonge la kwanza nusura linitoe roho. Ilikuwa kama kutafuna kichaka kibichi.

"Mama, mwaka huu umetia fora," alisema Roland, mwanawe mkubwa, machozi yakimlengalenga.

"Kweli kabisa. Mwaka jana seji ilipungua kidogo," Corinne akadakia. Mnafiki yule!

"Nilijua!" Bi Winifred akachangamka. "Ndiyo maana nimeongeza."

Sisi watu wa Vermont tutalifukua gari lako kwenye theluji bila kuombwa, lakini kukwambia ukweli mezani, hilo hatuliwezi. Chini ya meza, hata hivyo, mikono ilikuwa kazini. Kila mtu alimpenyezea nyama Gus, mbwa wa nyumba. Gus akanusa pande la Roland, akapiga chafya, akalibeba akaliweka juu ya kiatu cha Bi Winifred. Kisha akaleta la Corinne.

Bi Winifred akainama, akatazama, akaweka uma chini.

"Gus ana nini?"

"Ameshiba, Mama," Roland akasema.

"Ameshiba nini, na nyama yote iko kwenye kiatu changu?"

Bi Winifred akainua uso. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Pua yangu imekufa. Tangu ile homa iliyonilaza sisikii harufu wala ladha, hata kahawa kwangu ni maji ya moto tu. Nikasema Corinne akijua, kinu kimekwenda. Lakini nina watoto bwana, nitapima kwa maneno yao. Mkisifia, naongeza. Kumbe mnanidanganya, mpaka mbwa ndiye kanionea huruma!"

Nilimhurumia, jamani, na kichaka changu bado kinywani.

"Mama, mbona ni tamu tu," Roland akasema. Mazoea mabaya.

Akasukumiwa sinia. "Tamu? Haya, kula. Nakuangalia."

Roland akala pande moja. La pili likamtoa jasho. Mama yake hakupepesa jicho.

"Seji imezidi?"

"Imezidi, Mama."

"Sana?"

"Hailiki!" Machozi yakamtoka. "Hata mwaka juzi ilikuwa hailiki!"

Bi Winifred akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Akaenda kuleta kinu. Corinne akanyoosha mikono kukipokea, kikampita, kikatua mbele ya Roland.

"Mwakani natwanga mimi, wewe unaonja. Ukinisifia uongo tena, bata mzinga mzima utammaliza peke yako."

"Na mimi je?" Corinne akauliza, amenuna.

"Wewe lete pai, watu wana njaa."

Pai ikaja, ile ile ya maboga, ngumu chini na maji maji juu kama miaka yote. Nikakatiwa kipande kikubwa kuliko vyote. Bi Winifred akanigeukia.

"Jirani, wewe ndiye unayeipenda pai ya Corinne. Hebu sema kweli, ikoje?"

Corinne akanikazia macho. Nikatabasamu, huku mkono wangu ukimtafuta Gus chini ya meza.