Kofi la Mchezoni

Jirani ameniletea kahawa za kutafuna, amezifunga kwa gome kavu la mgomba. Nimelinusa gome, nikajikuta tena mtoto katika ukumbi wa kanisa.

Baba na Mama waliigiza mume na mke wanaopendana kwa kuzozana. Kila Baba alipoinua mkono, mama mdogo nyuma ya pazia aligonganisha magome makavu, paa! Mama alianguka, watu wakavunjika mbavu.

Kisha kofi likalia, nami kutoka pembeni nilipoketi nikamwona mama mdogo ameduwaa, magome yametulia mikononi. Baba akapiga tena. Damu ikamtoka Mama puani.

“Mwongeze!” watu walipiga kelele wakicheka.

Mama aliinuka, akasema maneno yake ya mwisho kama kwenye mazoezi: “Hata ukiniua, mume wangu, ni wewe tu.”

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilijua, na nikapiga.