Tuliimba Sauti Yake Mbele ya Sanduku

Mimi shule niliiacha mapema, noti za muziki sizisomi. Lakini korali ya parokia yetu hapa Kamina mimi njo nimeifundisha tangu watoto wangu wakiwa mgongoni, na leo nina wajukuu wakubwa. Ninafundisha kwa sikio. Anayekosea, tunaanza upya, hata mara kumi.

Katika wote niliowafundisha, msichana mmoja nilimpenda kuliko wengine. Sikumwambia. Mama yake anauza sokoni samaki wanaotoka Mulongo. Alipofika miaka kumi na saba akaniletea sauti ya pili, ameitunga mwenyewe, ya wimbo wetu wa Kiluba ambao tangu zamani tuliuimba kwa sauti moja.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna muntu, Mama. Nilikuwa ninatwanga majani ya sombe, ikakuja."

"Basi rudi utwange sombe."

Akacheka, akaimba tu. Wiki iliyofuata nikamwambia awafundishe wenzake wawili, tuimbe Pasaka. Pasaka haikumkuta. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu, akaisha.

Kwenye kilio baba yake mkubwa akaniita pembeni. Katika korali zetu mwimbaji akifa, wenzake hawaimbi. Wanakaa na wafiwa, na korali ya jirani inakuja kuimba. Yeye alikuwa amekwisha kuwaita, na piano yao.

"Hapana, baba," nikasema. "Wimbo mmoja ni wetu."

"Mama, batoto benyewe banalia. Bataimba namna gani?"

"Watalia wakiimba."

Nilijua ninachopigania. Sauti ile haikuandikwa popote. Ilikuwa imebaki katika vichwa vitatu, changu na vya wale wasichana wawili, nao walikuwa wameanza kuogopa hata kuitaja. Tukinyamaza siku ile, ingeshuka kaburini pamoja naye.

Tukasimama mbele ya sanduku. Kila wimbo marehemu ndiye aliyekuwa akituanzishia. Sasa mwimbaji mwingine akaanza, akapanda juu mno, wale wawili wakakosa pa kuingilia. Nikapiga makofi.

"Simameni! Tuanze upya."

Watu wakashtuka. Wimbo wa kilio hausimamishwi. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa nguvu, "Eh! Huyu mama anazani iko repetisio ya kujifunza wimbo?"

Wengine wakacheka na machozi yao. Nikageuka. "Weye unajua kuimba? Kuja hapa mbele."

Akarudi nyuma ya wenzake.

Mara ya pili wasichana wakavunjika kwa kilio katikati ya ubeti. Nikasimamisha tena. Mama wa marehemu akainua kichwa pale kwenye mkeka.

"Mama, hata leo njo vile?"

"Hata leo njo vile. Mtoto wako hakupenda wimbo uharibiwe."

Akaniangalia sana. Niliona pengine atanifukuza, na haki ingekuwa yake. Akafuta uso kwa kitenge.

"Basi muanze muzuri."

Mara ya tatu nikaanzisha mwenyewe, chini, pale alipokuwa anapashika marehemu. Sauti yangu imezeeka, inakwaruza, lakini mahali napajua. Wasichana wakaingia. Mmoja nikamshika mkono, naye hakuiacha ile sauti. Tukamaliza beti zote nne. Kisha nikaona baba mkubwa anakwenda mwenyewe kwa wale wa piano, kuwaambia wangoje kidogo, tunauimba tena.